Tetesi za Usajili Nyumbani kwa Bibi

Mjomba wangu, rais wa timu yetu, aliniondoa kwenye timu siku ya Ijumaa, baada ya kunimegea nyama kwa mkono wake mwenyewe. Naanza na nyama hiyo kwa sababu mpaka leo inanichoma kuliko barua yenyewe. Tulikuwa kwa Bibi, mjini Ibra, tumezunguka sinia la pilau, na yeye akachambua mfupa, akatoa mnofu laini, akauweka upande wangu. Akaniuliza goti linaendeleaje. Nikamwambia halina neno. Akasema vizuri, mwaka huu kazi ipo.

Saa mbili baadaye nilikuwa njiani kumpeleka mke wangu kwa wazazi wake, mjini Nizwa. Tukasimama Mudhaibi kutia petroli, nikafungua simu, na kwenye kundi la WhatsApp la timu nikaikuta picha yangu ya zamani, ndevu hazijakaa sawa, na chini yake maneno ya Kiarabu: uongozi unamshukuru kwa miaka yake tisa na unamtakia kila la heri huko aendako.

Huko niendako sikukujua. Mke wangu ndiye aliyechukua simu akasoma zaidi, akaniambia, "Umepelekwa timu ya Samad. Wamebadilishana wewe na kipa."

Mtia petroli aliniuliza mara mbili kama najaza tangi.

Timu yenyewe si ya kutajirisha mtu. Ni timu ya mtaa, kama zilizoko kila wilaya kwetu; tunapewa jezi, viatu ukibahatika, na chakula baada ya mechi. Lakini kanuni zake ni ngumu kuliko za ndoa. Kila timu inaandikisha majina ishirini na tano, na dirisha la usajili likishafungwa hakuna jina linaloingia wala kutoka mpaka msimu uishe. Anayetaka kuhama lazima awe na istighnai, yaani barua ya kuachiwa, yenye saini yake na saini ya rais wa timu. Na wachezaji kutoka nje ya wilaya hawazidi watatu.

Saini yangu ilitoka wapi? Niliitoa mwenyewe. Kila mwanzo wa msimu Mjomba alikuwa anatupangia makaratasi juu ya boneti ya gari: hili la jezi, hili la bima, hili la klabu, na chini yake karatasi mbili tatu nyeupe kabisa, za dharura, ili asihangaike kumtafuta mtu akiwa kazini. Tulikuwa tunatia saini zote. Nani atamwambia mjomba wake kwamba hatii saini mpaka asome? Tena karatasi yenyewe haina cha kusoma. Alikuwa akiziweka kwenye faili la kijani chini ya kiti cha gari, na miaka tisa saini yangu imelala humo ikisubiri siku yake.

Sababu niliijua. Kipa wake alikuwa anaumwa mgongo, alihitaji mwingine, na wa Samad Ash Shan alikuwa mzuri. Samad wakataka beki wa kushoto, ndiyo mimi. Mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya serikali hapo Mudhaibi, wilaya ileile ya Samad, kwa hiyo kwa hesabu zake alikuwa ananipunguzia hata safari. Mjomba hakuwapenda mabeki. Alipenda washambuliaji, watu wa kupigwa picha wamekunja magoti mbele ya bao. "Beki ni kama bawaba," aliwahi kusema mbele yangu, "huikumbuki mpaka ipige kelele." Basi mimi bawaba sikupiga kelele. Mama yangu, ambaye ni dada yake, alinipigia simu jioni ile akaniambia nimeze, huyu ni mjomba wako. Nikameza. Lakini kilibaki palepale kooni, hakikushuka.

Samad walinipokea vizuri, nisiwasingizie. Siku ya kwanza ya mazoezi mzee mmoja wa pale alinitilia ndimu na ndizi za shambani kwake nyuma ya gari mpaka gari zima likanuka shamba. Ila kwenye orodha yao niliandikwa kwenye kisanduku cha watu wa nje. Mimi, niliyezaliwa mwendo wa nusu saa kutoka hapo, na ambaye babu yangu aliporudi nchi ya wazee wake kutoka Tabora hakutaka kukaa popote ila Ibra, nikawa mtu wa nje. Na kule Ibra, yule kipa wa Samad naye akawa wa nje. Mjomba alikuwa ametugeuza wageni wawili kwa karatasi moja, halafu akaendelea kula pilau.

Ijumaa niliendelea kwenda kwa Bibi. Sikutaka Mjomba aseme nimesusa. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, na moyoni nilikuwa namwambia, kiporo chako kipo.

Msimu ulipoisha, Samad waliniomba nisaidie orodha. Katibu wao alikuwa mtu mwema lakini fomu za kompyuta zilimtoa jasho, na mimi ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nikazisoma kanuni mpaka mke wangu akaniuliza kama nina mtihani. Nikaanza kuitazama orodha ya Mjomba kuliko ya kwetu. Nilijua kila jina lake. Alikuwa na washambuliaji sita na beki wa kushoto hana hata mmoja, maana mguu wa kushoto wa timu ile ulikuwa wangu. Kipa wa zamani alikuwa ameshatundika glavu. Kwenye nafasi tatu za watu wa nje, ya kwanza alishampa mshambuliaji kutoka Al Kamil wal Wafi. Ya pili ilikuwa ya kipa, ambaye muda wake ulikuwa umekwisha, hivyo aliweza kuondoka hata bila istighnai, na ilibidi aandikishwe upya. Ya tatu alikuwa bado anaizungukazunguka.

Hapo nikaliona tundu. Mjomba akishawishika kwamba kipa amekwenda zake, hatatafuta kipa mwingine. Atatafuta washambuliaji. Namjua. Dirisha litafungwa, na langoni hatakuwa na mtu.

Lakini uongo wa kumwingia Mjomba haukuwa rahisi. Tetesi za usajili kwetu zinaruka kila mahali siku zile: dukani, msikitini baada ya watu kutoa salamu, kwenye makundi ya simu. Fulani anakwenda Sur, fulani ameonekana kwenye gari la fulani. Mjomba hakuamini hata moja. Alikuwa anasema yote hayo ni maneno ya Kiarabu, na alikuwa na maana yake.

Nyumba ya Bibi ina desturi ambayo hakuna aliyeitunga. Kiarabu ni cha mgeni, Kiswahili ni cha kweli. Tangu wadogo tumeona hivyo. Mgeni akibisha hodi, Mama atamwambia kwa Kiarabu wallahi huondoki bila chakula, kisha atageuka amuulize mama mdogo kwa Kiswahili kama wali unatosha. Babu alikuwa anamsifu mtu gari lake kwa Kiarabu, halafu anatuambia kwa Kiswahili lile gari halifiki Sur. Kwa hiyo sote tulikua na sikio moja: linalosemwa kwa Kiarabu unalipokea kwa adabu, linalosemwa kwa Kiswahili unalichukua na kuliamini. Sikumbuki mtu yeyote wa nyumba ile kumdanganya mwenzake kwa Kiswahili katika jambo la maana. Labda lilitokea, lakini sikuliona.

Nililiwaza jambo hilo siku tatu nzima. Sitasema nilisita sana, maana sikusita. Nilikuwa natafuta Ijumaa yenye mgeni.

Ikaja. Mjomba alifika na katibu wa timu yake, mtu wa Ibra asilia, mpole, ambaye Kiswahili chake chote ni "chai" na "karibu". Siku hiyo Bibi alikuwa amepika samaki wa Sur kwa nazi na ndizi pembeni. Tulipokaa, Mjomba akaniuliza kwa Kiarabu, kwa sauti ya kutania, orodha ya mabingwa wa Samad inakwendaje. Nikamjibu kwa Kiarabu, mbele ya shahidi, ukweli mtupu: hatujazungumza na kipa wala hatuna mpango naye, hatuna mshambuliaji mpya hata mmoja, na yule kijana mshambuliaji wa Sur anayevumishwa kuja kwetu, sisi hatujawahi kumpigia simu. Katibu akatikisa kichwa kwa huruma. Mjomba akacheka kidogo.

Nikangoja. Nilikuwa najua Bibi ataniuliza, maana huniuliza kila wakati. Akanigeukia akasema kwa Kiswahili, "Na wewe mwaka huu utarudi kucheza huku karibu, au ndiyo umeolewa Samad?"

Nikainama kwake, nikashusha sauti, lakini si sana.

"Nabaki huko, Bibi. Mambo yetu mazuri. Yule kipa amesharudi kwetu, katia saini juzi. Na wa Sur tunamalizana naye Jumapili. Usimwambie mtu."

Bibi akasema alhamdulilahi. Mjomba alikuwa anatoa miba kwenye samaki. Vidole vikasimama, kisha vikaendelea. Hakuniangalia. Nami nikamwongezea katibu ndizi, nikamwambia kwa Kiarabu ale, asione haya.

Kilichofuata sikukigusa tena. Jumamosi asubuhi tu Mjomba alikuwa Sur, na mchana tukaona picha ya yule kijana ameshika jezi, Mjomba pembeni anatabasamu mpaka magego. Jumatatu akamwandikisha winga kutoka Nizwa. Watatu wa nje wakatimia: Al Kamil, Sur, Nizwa, wote wa mbele. Ningeweza kufurahi kwa hilo tu, lakini Mjomba alinizidishia. Hakutaka ionekane kipa amemkimbia. Hakumpigia simu kumuuliza, maana yeye kipa na beki hawapigii simu, huwatumia katibu. Na angemuulizaje bila kusema kaipata wapi habari ile? Akafungua faili la kijani, akatoa karatasi nyeupe yenye saini ya kipa, akamwandikia barua ya kuachiwa, ingawa haikuhitajika tena. Alasiri picha ya kipa ikatokea kwenye kundi: uongozi unamshukuru na unamtakia kila la heri huko aendako.

Nilisoma maneno yale ofisini, na nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kuna nini. Yalikuwa yaleyale, neno kwa neno.

Kipa alinipigia siku iliyofuata. Naeleza na hili, kwa sababu mimi si malaika na sitaki kujipaka rangi. Mtu yule hakuwa na kosa. Alikuwa ameajiriwa duka la matairi Ibra, bintiye ameanza shule hapo, na alikuwa amekwisha kushona jina lake kwenye glavu mpya. Aliniuliza kama najua amefanya nini. Mimi ndiye mtu pekee aliyefikiri atamwelewa, kwa kuwa nami niliachwa vilevile. Nikamwambia sijui, wakubwa wana mambo yao. Nikamwambia aje kwetu, na kwetu yeye ni wa nyumbani, hatachukua nafasi ya mtu wa nje. Akaja akatia saini, saa chache kabla dirisha halijafungwa. Msimu mzima alikuwa anaendesha gari kutoka Ibra mara tatu kwa wiki baada ya kazi, na kila akifika huniletea kahawa.

Droo ya mashindano ya mkoa ikatukutanisha nao, tena Ibra, kwenye uwanja wa mtaa wetu, alasiri. Langoni kwao alisimama binamu yangu, mtoto wa Mjomba, kiungo wa miaka yote, aliyevishwa glavu kwa sababu ni mrefu. Upande wa kushoto walimweka mtu wa mguu wa kulia. Mbele walikuwa watu wengi wazuri, wote wanaomba mpira, hakuna wa kuwapa. Yule wa Sur alikuwa na mbio za kutisha, na dakika thelathini za kwanza alizitumia kunyoosha mikono na kuwalalamikia wenzake. Tulishinda manne kwa moja. Bao la tatu lilitokana na krosi yangu, ya mguu wa kushoto, na niliipiga kutoka mbele ya viti vya viongozi kabisa. Mjomba alikuwa amekaa kiti cha plastiki, chupa ya maji mkononi, kifuniko hajakifungua. Nilimtazama usoni mpaka akaangalia pembeni.

Nilifurahi. Nasema wazi, sijawahi kuwa na furaha kama ile kwenye mpira, si nilipokuwa chipukizi, si siku tulipochukua kombe nikiwa kwake. Niliendesha gari kurudi nyumbani na madirisha wazi. Mke wangu alinitazama nilivyoingia, akaniambia, "Umemkomoa, basi sasa iache." Nikamwambia bado Ijumaa.

Kumbe binamu aliyekaa langoni alikuwa amemuuliza kipa baada ya mechi kwa nini alisaini Samad mapema vile, na kipa akamwonyesha tarehe kwenye simu yake: barua ya kuachiwa kwanza, saini yetu baadaye. Binamu akaipeleka habari kwa baba yake. Kwa hiyo Ijumaa nilipoingia kwa Bibi walikuwa wananisubiri: Mjomba, mama mdogo, na Bibi mwenyewe mahali pake karibu na mlango wa jikoni. Mgeni hakuwepo.

Mjomba hakupandisha sauti. Aliniuliza kama ni kweli kipa alikuwa hajasaini siku ile ya samaki. Nilikuwa nimelitayarisha jibu langu tangu siku nilipoupanga uongo ule, na nililitoa kwa raha. Nikamwambia mimi nilikwambia ukweli. Nilikwambia hatujazungumza na kipa, hatuna mshambuliaji, wa Sur hatumjui. Shahidi yupo, katibu wako, muulize. Kama ulichagua kusikiliza maneno ya bibi na mjukuu wake, hilo lako. Na karatasi nyeupe ya kipa uliiandika wewe, kama ulivyoiandika yangu.

Nilitegemea atafoka. Nilitaka afoke. Badala yake Bibi ndiye aliyesema, polepole, kama anayejaribu kukumbuka ameweka wapi kitu.

"Lakini mimi ndiye uliyeniambia. Nikamwombea dua yule kipa, arudi kwao salama."

Nikatazama mkeka.

Mjomba akavaa kofia yake. Akasema, kwa Kiswahili kizuri cha mama yake, "Khalas, yamekwisha. Kuanzia leo mimi na wewe tutasema Kiarabu. Huko ndiko unakosema kweli."

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Ijumaa iliyofuata nilimwamkia shikamoo, kama nilivyomwamkia tangu nilipojua kusema, akanijibu wa alaykum salam. Akaniuliza kwa Kiarabu habari za kazi na za barabara, kwa adabu zote, kama anavyomuuliza fundi aliyekuja kutengeneza AC. Nami kiburi kikanishika, nikamjibu hivyohivyo. Huu ni mwaka wa pili. Faili la kijani amelichoma, hilo nimelisikia. Sasa wachezaji wake wanasoma kabla ya kutia saini. Mimi nimecheza msimu mwingine Samad na goti limeniambia basi. Sijamwomba radhi, naye hajaniomba, na ukiniuliza nani alianza nitakurudisha kwenye ule mnofu.

Tunakula sinia moja, mimi upande huu na yeye upande ule, na Bibi katikati. Mjomba anasema neno lake kwa Kiarabu, mimi namrudishia langu. Bibi aliondoka Tabora akiwa mtu mzima. Kiarabu chake ni cha kusalia na cha kununulia mboga. Hugeuza uso kwa mwanawe, kisha kwangu, tonge limebaki mkononi, halafu humgusa mama mdogo goti na kumuuliza, "Wanasemaje?"

Mama mdogo humjibu kwamba ni mambo ya mpira tu.